Boneti mbovu ndiyo darasa la fundi polishi

Premio nyeusi inayoshuka Kasese kutoka Kampala si gari ambalo rangi yake ndiyo kwanza inaguswa. Huenda iling'arishwa Japani kabla ya mnada, ikang'arishwa tena kwenye yadi ya Kampala ili imvutie mnunuzi, kisha mwenye nayo akaipeleka gereji siku mbili kabla ya harusi ya mdogo wake. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yapo barabarani, na mengi ndiyo yanayobeba abiria kati ya Kasese na Bwera. Hayo ndiyo yanayofika kwa fundi polishi. Kijana anayeanza kujifunza mashine leo anapokea rangi ambayo wengine wamekwisha kuipunguza, wala hana njia rahisi ya kujua imebaki kiasi gani.

Somo lake la kwanza liwe hilo, kabla hata hajachomeka waya kwenye soketi. Mashine ya polishi hairudishi rangi iliyopotea. Inakwangua. Mkwaruzo unaonekana kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga. Mashine inashusha uso wote wa rangi hadi kufikia kina cha mkwaruzo, au karibu na hapo, na uso ukishakuwa sawa mwanga unarudi moja kwa moja machoni. Ndiyo maana gari linang'aa. Mng'aro huo unalipiwa kwa rangi yenyewe, na rangi ni kama mche wa sabuni: kila unapoutumia unakonda.

Hesabu zenyewe ni ndogo mno. Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Ndani ya unene huo mna praima, mna rangi yenyewe, na juu yake mna klia, ile laka isiyo na rangi inayobeba mng'aro wote. Klia peke yake ni mikroni 40 hadi 60 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa kichwani. Pedi kali na kompaundi kali kwa raundi moja ya kazi zinaweza kula mikroni 2 au 3, na zaidi fundi akikazana. Mtu anaweza kudhani zinabaki nyingi. Lakini klia ndiyo yenye dawa ya kuzuia miale ya jua, na ikikonda kupita kiasi jua linaanza kuila kutoka juu na kuifikia rangi iliyo chini. Baada ya mwaka mmoja au miwili boneti inaota mabaka meupe, kisha inababuka. Fundi aliyelipwa siku ile hayupo kuyaona.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mazoea ya gereji zetu yalizaliwa na rangi ya aina nyingine. Kasese ulikuwa mji wa mgodi na reli. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa, na zikaja Land Rover, Peugeot na malori yaliyohitaji mafundi. Magari ya enzi hizo hayakuwa na klia. Yalipakwa rangi nzito moja, ile ambayo mafundi wa Afrika Mashariki mpaka leo wanaiita duco, jina la rangi ya kampuni ya DuPont ya Marekani iliyoanza kutumika kwenye magari miaka ya 1920. Duco ikikaa juani inachakaa juu, inafifia na kuwa na unga kama chaki. Dawa yake ilikuwa kuisugua kwa kompaundi ya chembe nene mpaka tambara liwe na rangi ya gari, halafu nta. Tambara likiwa jekundu juu ya gari jekundu, fundi alijua kazi inakwenda vizuri.

Mzee aliyefundishwa hivyo akamfundisha kijana wake, naye akamfundisha mwingine. Mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari yakabadilika, rangi ya tabaka mbili ikaenea duniani kote, lakini mkono ukabaki ule ule: sugua sana, bonyeza sana, anza na kompaundi kali kuliko zote. Simlaumu mtu. Mkono ule ulikuwa sahihi kwa rangi ile. Kwenye Premio au Noah yenye klia, tambara au pedi ikianza kuchukua rangi ya gari, maana yake klia imekwisha mahali pale, na hakuna polishi duniani itakayoirudisha.

Magari kadhaa hayafuati kanuni hiyo, na mwanafunzi ayajue mapema asije akashtuka. Toyota nyingi nyeupe zenye namba ya rangi 040 zilitoka kiwandani bila klia. Ukizipiga polishi pedi inakuwa nyeupe tangu dakika ya kwanza, na si hatari. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibati kidogo ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, na kuisoma hakuchukui hata dakika moja. Sioni kwa nini fundi aanze kazi bila kuisoma.

Sasa mashine zenyewe. Ziko za aina mbili zinazostahili jina hilo, na ya tatu isiyostahili.

Isiyostahili ni grainda. Katika gereji nyingi za barabarani, kijana anafunga pedi ya manyoya kwenye grainda ya kukatia chuma na kuipeleka kwenye mlango wa gari. Grainda ndogo huzunguka mara 11,000 kwa dakika, nyingi hazina kitufe cha kupunguza kasi, wakati polishi inahitaji mizunguko 1,000 hadi 2,000 tu. Joto linalotokea linaweza kulainisha klia na kuivuta kabla fundi hajanusa chochote. Ukiona gari lina alama ya mduara iliyofifia kwenye kona ya bampa, mara nyingi hiyo ni kazi ya grainda.

Ya kwanza inayostahili ni rotari, mashine nzito inayozungusha pedi kwenye mhimili mmoja kama grainda, ila kwa kasi inayodhibitiwa, kati ya mizunguko 600 na 3,000. Ndiyo ya mafundi wa zamani, inakata haraka, na mikononi mwa anayeijua inafanya kazi nzuri mno. Mikononi mwa anayejifunza inaacha mistari ya upinde ambayo haionekani kivulini, halafu gari likitoka juani inacheza juu ya boneti kama utando wa mafuta. Mteja anaondoka akishukuru, akifika Kikorongo anageuza gari.

Ya pili ni ile ambayo pedi yake inazunguka na wakati huohuo inayumba kutoka upande hadi upande, milimita 8, 15 au 21 kwa kila myumbo kulingana na mashine. Mafundi wanaiita DA. Kwa kuwa pedi haipiti njia ile ile mara mbili mfululizo, joto linatawanyika na alama za upinde hazijichori kirahisi. Jambo kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba ukiibonyeza kupita kiasi, pedi inaacha kuzunguka na kubaki inatetemeka tu. Inamkatalia, rangi inabaki salama. Kwa sababu hiyo nashauri bila kusita kwamba anayeanza aanzie na DA, na rotari aiguse akiwa amekwisha kuelewa anachokiondoa.

Nililiona somo la kubonyeza likifundishwa katika gereji moja ya Bwera, kando ya barabara inayoteremka kuelekea mpaka wa Mpondwe. Boneti ya Corolla iliyogongwa ilikuwa imelazwa juu ya matairi mawili chini ya mwembe. Fundi alikuwa amechora mstari mmoja mweusi kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani ya mashine, pale pedi inapofungwa. Mashine ikizunguka sawasawa, mstari unaonekana ukizunguka polepole. Ikizidiwa, mstari unasimama. Kijana alikuwa ameinamia kazi kwa mabega yote mawili.

"Angalia mstari wako."

"Umesimama, mzee."

"Basi umeegemea. Uzito wa mashine unatosha, wewe iongoze tu. Usilale juu yake."

Akainua mabega, mstari ukaanza kuzunguka, na sauti ya mashine ikabadilika kutoka mngurumo mzito hadi mvumo laini. Baada ya hapo hakuhitaji kuangalia mstari kila mara. Alikuwa amekwisha kuisikia. Walipomaliza upande mmoja, fundi alimpa rotari na kumwambia jambo ambalo sikulitarajia: aiunguze ile boneti makusudi. Aipeleke pembeni, kwenye ule mkunjo ambapo bati linapinda, aishikilie hapo hapo bila kuisogeza. Haikuchukua muda wa kuhesabu hadi kumi. Pedi nyeupe ikapata doa la kijani la rangi ya gari, kukatoka harufu ya plastiki iliyochomeka, na kwenye mkunjo ikatokea nukta ya kijivu ya praima. Kijana akaigusa kwa kidole, akakitoa haraka. Moto.

Kwenye mikunjo na kingo rangi hukaa nyembamba tangu kiwandani, na pedi inapopita hapo uzito wote wa mashine unaangukia sehemu ndogo kama uzi. Kuambiwa hivyo kwa mdomo kunasahaulika. Kuunguza boneti ambayo haina mwenyewe kunakaa mkononi maisha yote, na boneti mbovu si kitu cha kutafutwa mbali. Kila gereji ya bodi kati ya Kasese na mpakani inazo, zimeegemezwa ukutani zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Afadhali boneti kuliko tangi la bodaboda, ambalo wanafunzi wengi wanapewa kwa sababu ni dogo na mwenye pikipiki halalamiki. Tangi zima ni mkunjo mtupu. Anayejifunza anahitaji mahali tambarare.

Utaratibu wa kazi yenyewe si mgumu kuuelewa. Ugumu wake ni kuwa na subira nao. Kwanza gari lioshwe na kukaushwa, kisha kingo, raba za vioo na plastiki nyeusi zifunikwe kwa tepu. Fundi achague mahali pamoja pa kujaribia, upana wa sentimita 40 au 50 kila upande, aanze na pedi laini na polishi laini, zile hafifu kuliko zote alizonazo. Matone matatu au manne ya polishi yanatosha. Aipake kwa kasi ndogo mashine ikiwa imegusa bati tayari, maana akiiwasha hewani polishi inarukia kioo na shati lake. Kisha apandishe kasi, apeleke mkono taratibu, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kwenda na kurudi, halafu juu na chini. Mipito minne hadi sita. Afute, aangalie. Ikitosha, hiyo ndiyo dawa ya gari lote hilo. Isipotosha, apande ngazi moja tu na kujaribu tena pale pale.

Wengi hufanya kinyume: wanaanza na iliyo kali kuliko zote ili kuokoa muda, na gari lililohitaji kukwanguliwa mikroni moja linakwanguliwa nne.

Hata kuangalia kunahitaji ujuzi. Polishi ina mafuta, na mafuta yanajaza mikwaruzo na kuificha. Gari linaonekana kamilifu jioni, likioshwa mara mbili mikwaruzo yote inarudi. Fundi mwaminifu anafuta kwanza kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ndipo anamulika kwa tochi ya simu kwa pembeni, mwanga ukilala juu ya bati. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama ukipita juu yake ni wa kina kirefu. Huo usifukuzwe kwa mashine. Upunguzwe makali, ubaki.

Kasese ina mambo yake ambayo video za mafundi wa Ulaya haziyataji. La kwanza ni jua. Ikweta inakatiza barabara pale Kikorongo, na mji wenyewe uko bondeni chini ya Rwenzori penye joto kavu. Boneti nyeusi iliyokaa nje saa saba mchana haigusiki kwa kiganja, na polishi inakaukia hapo kabla haijafanya kazi, inageuka vumbi linalokwaruza. Kazi ifanywe asubuhi au chini ya paa, na bati lipoe kwanza. La pili ni vumbi. Magari yanayopita Hima yanabeba vumbi la saruji. Likipata umande au manyunyu linashikamana na rangi kama vipele, na sabuni hailiondoi. Ukipitisha pedi juu yake umepitisha msasa. Liondolewe kwanza kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni, na kiganja kipite juu ya bati kuhakikisha ni laini kama kioo.

La tatu ni maji. Baada ya mafuriko makubwa ya Mei 2013 na Mei 2020, kila mtu wa Kasese anajua mto Nyamwamba unabeba nini kutoka milimani. Hata siku za utulivu maji ya mtoni yana mchanga laini usioonekana. Gari likichotewa maji hayo na kusuguliwa kwa tambara moja kuanzia matairi hadi paa, mikwaruzo ya duara inayoletwa kwa fundi polishi ilitengenezwa pale pale lilipooshewa.

Na umeme. Wilaya hii ina mitambo ya umeme wa maji kwenye Mubuku na Nyamwamba, hata hivyo kwenye gereji iliyo mwisho wa laini, welda wa jirani akiwasha mashine yake, ya polishi inapunguza kasi mkononi. Mwanafunzi afundishwe kusikia hilo pia, asije akajaza pengo la kasi kwa kubonyeza.

Kupima unene wa rangi kuna kifaa chake, kidogo cha kushika mkononi, kinachosoma mikroni kikiwekwa juu ya bati. Gereji chache zinacho. Asiye nacho atumie macho: afungue milango atazame kama raba zina marasharasha ya rangi, alinganishe rangi ya mlango na ya madigadi, atazame bolti za boneti kama zimewahi kufunguliwa. Sehemu iliyopakwa upya gereji inaweza kuwa nene mara mbili ya kiwandani, au ikawa duco isiyo na klia kabisa, au ikawa imepakwa juzi na bado haijakauka ndani. Kwenye gari moja zinaweza kukutana rangi tatu, na kila moja inataka mkono wake. Afadhali kifaa hicho kinunuliwe na mafundi watano kwa pamoja kuliko kila mmoja kununua chupa nyingine ya kompaundi.

Sehemu ya ufundi ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ambayo haimpi fundi hela. Gari linaletwa, paa lina mabaka meupe, klia imeinuka kingo kama ngozi iliyoungua jua. Mteja anataka ling'ae. Kesho anavuka mpaka kwenda Kasindi, ana shughuli Beni. Kulipiga mashine kutaling'arisha kwa siku chache na kubabua kilichobaki. Jibu sahihi ni kumwambia: "Hapa pamekufa, bosi, panataka rangi mpya, milango naweza kukusaidia." Fundi kijana anaona aibu kusema hivyo kwa sababu anadhani ataonekana hawezi kazi. Mwalimu wake aliseme mbele yake mara nyingi, mbele ya wateja halisi, mpaka kijana alione ni sehemu ya kazi kama kufunga tepu.

Uganda ina njia ya kumpa cheti mtu aliyejifunza ufundi wake gerejini bila kupita chuoni, ile hati iitwayo Worker's PAS, inayotaja kila kazi ambayo mhusika amethibitishwa anaiweza. Ningependa kuona polishi ya mashine ikipimwa kwa moyo huo, na mtihani uwe kile alichokifanya mzee wa Bwera: boneti mbovu, tepu katikati, upande mmoja ung'arishwe na mwingine ubaki, kisha kifaa cha mikroni kiwekwe pande zote mbili. Anayepata mng'aro kwa kukwangua kidogo ndiye afaulu.

Gari likishakabidhiwa, kazi iliyobaki ni ya mwenyewe na kijana wake wa kuosha. Nta ipakwe, na omo isitumike kuoshea kwa sababu inaiondoa. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, maji yakibadilishwa yanapochafuka. Kuosha kuanzie paa kuteremka chini, matairi mwisho na kwa tambara lake. Kitambaa kikianguka chini kiwekwe kando mpaka kifuliwe. Gari linalooshwa hivyo linaweza kukaa mwaka mzima au zaidi bila kuihitaji mashine tena, na fundi anayempa mteja maelekezo haya anajipunguzia kazi yake mwenyewe kwa gari hilo. Wapo wanaoyatoa hata hivyo, Kasese na Bwera, na ndio ningewapelekea gari langu.